Neno GET la Kiingereza: maana zake, matumizi yake na lilikotoka (uzi mrefu)

Mchambua Maneno

Wakuu, salaam.

Fungua kamusi yoyote nene ya Kiingereza, neno "get" linakula kurasa kadhaa. Mwanafunzi huambiwa "get ni kupata", anaridhika, halafu sentensi ya kwanza anayokutana nayo ni "It's getting dark". Giza linapata nini? Kuanzia hapo anageukia kukariri: get up, get over, get rid of, orodha isiyo na mwisho.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba orodha hiyo kwa sehemu kubwa haihitaji kukaririwa. "Get" ina kiini kimoja: kuvuka. Ulikuwa huna kitu, sasa unacho. Ulikuwa huko, sasa uko hapa. Nguo ilikuwa kavu, sasa imelowa. Kiswahili kina vyombo vyote vya kueleza kuvuka huko, ila vyetu vimo ndani ya kitenzi chenyewe: -me-, -w-, -ish-, -i- ya kutendea. Kiingereza kimeviweka nje na kuvibebesha kineno kimoja cha herufi tatu. Kwa hiyo ukiiona "get", usihangaike na maana yake kwanza. Tazama kinachoifuata.

Ikifuatwa na nomino, ni kupata kwa mapana yake: kupokea ("I got a letter"), kununua ("She got new shoes"), kushikwa na ugonjwa ("He got malaria"), kupanda chombo cha usafiri ("We got a bus"). Hapa hatupati shida, maana "pata" yetu nayo ni pana: tunapata barua, tunapata homa, tunapata ajali.

Ikifuatwa na mtu kisha kitu, ni kauli ya kutendea. "Get me a chair" ni "niletee kiti". "I got her a present" ni "nilimnunulia zawadi". Mtu anatangulia, kitu kinafuata. Ukitaka kuanza na kitu, lazima uweke "for": "I got a present for her". Watu wengi huandika "I got to her a present", na hiyo haipo kabisa.

Ikifuatwa na mahali, ni kufika. "We got to the station at six." Angalizo: "home", "here" na "there" hazitaki "to". Ni "get home", "get here", "get there". "Get to home" ni kosa, hata kama mantiki inakuvuta huko.

Zilizobaki zina mambo mengi zaidi, nitazichukua moja moja. Karibuni.

Bint Sarufi

Mkuu, hapo kwenye "It's getting dark" naomba niingie, kwa sababu ndipo wazungumzaji wa Kiswahili wanapoteleza zaidi kuliko kwingine kote, na sababu iko kwenye lugha yetu.

Vitenzi vyetu vingi vya hali ni vya kuingia kwenye hali. "Kuchoka" si kuwa katika uchovu, ni kuingia kwenye uchovu. Ukishaingia, tunatumia -me-. Linganisheni:

Anachoka: She is getting tired.
Alichoka: She got tired.
Amechoka: She is tired.
Alikuwa amechoka: She was tired.
Atachoka: She will get tired.

Tazameni mstari wa tatu. "Amechoka" kwa umbo ni tendo lililokamilika, lakini kwa maana ni hali ya sasa, ndiyo maana Kiingereza kinatumia "is" na si "has". Anayefasiri -me- kwa "has" kila mahali ataandika "She has tired", na Mwingereza atabaki anashangaa.

Kanuni ninayoifundisha ni fupi: kitenzi cha hali kikiwa na -me-, tumia "be". Kikiwa na -li-, -na- au -ta- peke yake, tumia "get". Inafanya kazi kwa kukasirika (get angry), kulowa (get wet), kulewa (get drunk), kupotea (get lost), kukwama (get stuck), kuzeeka (get old), kuumia (get hurt), kupona (get better), kuvaa (get dressed), kuoa na kuolewa (get married).

Hilo la mwisho lina mtego wake. Kwetu mtu anaoana NA mwenzake, kwa hiyo kalamu inakimbilia "with". Kiingereza kinasema "She got married to him" au "She married him". "Married with" hutumika tu kwenye "married with two children", yaani ana ndoa na ana watoto wawili.

Kiu ya Lugha

Dada, ahsante. Sasa nilichelewa = "I got late"?

Bint Sarufi

Hapana, na swali lako ni zuri kwa sababu kanuni yangu ina mipaka yake. Mtu kuchelewa ni "be late": "I was late". "Get late" husemwa kuhusu muda wenyewe: "It's getting late", yaani saa zinakwenda.

Zipo nyingine zinazokataa "get". Kulala usingizi ni "fall asleep". Kupenda kwa mara ya kwanza ni "fall in love". Kufa ni "die", hakuna "get dead". Mabadiliko mabaya yasiyorudi nyuma hupenda "go": go blind, go deaf, go bald, go mad, na chakula kikichacha "it has gone bad". Rangi hutumia "go" au "turn": "His face turned red". Kwa hiyo ukiona mabadiliko ni ya kuharibika au ya rangi, ondoa mkono kwenye "get" kwanza.

Na kuna tofauti ya pande mbili za bahari: "I got sick" kwa Mmarekani ni niliugua. Uingereza, "I was sick" mara nyingi maana yake ni nilitapika, na kuugua husema "ill".

Mzee wa Nyaraka

Naleta upande wa asili, maana maana zote hizo zina mizizi.

"Get" kwa umbo lake la leo haikutoka kwa Waanglo-Saksoni, wasemaji wa Kiingereza cha Kale. Ililetwa na Wanaviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia. Mwaka 793 walivamia monasteri ya Lindisfarne, mwaka 865 likaja jeshi kubwa lililokaa, na eneo la kaskazini na mashariki mwa Uingereza likawa chini ya sheria za Wadenmaki, ndiyo likaitwa Danelaw. Watu hao walikaa jirani na wenyeji, wakaoana, wakauziana ng'ombe. Lugha zao zilikuwa karibu kiasi cha kuelewana kwa shida kidogo, na maneno ya kila siku yakavuka: take, give, they, them, egg, sky, window. Na "get", kutoka kitenzi chao "geta".

"Geta" ilikuwa na maana tatu: kupata, kuzaa, na kukisia. Zote zimeacha alama kwenye Kiingereza. Kupata mnaiona. Kuzaa iko kwenye "beget": Mathayo 1:2, pale Biblia ya Kiingereza ya 1611 inaposema "Abraham begat Isaac", sisi tunasoma "Ibrahimu akamzaa Isaka". Na sisi pia, mtu "anapata mtoto". Kukisia iko kwenye "guess", ambayo wanaisimu wengi huihusisha na mzizi huohuo. Kwa Waaisilandi wa leo "geta" bado ipo, ikimaanisha kuweza na pia kukisia.

Ushahidi kwamba neno ni la Kinodiki, lugha ya Wanaviking hao, uko kwenye matamshi. Kiingereza cha Kale kilikuwa na ndugu yake, -gietan, lakini ndani ya maneno ya kuunganisha tu: begietan, forgietan, ongietan. Mbele ya irabu kama i na e, herufi g ya Kiingereza cha Kale ilitamkwa y. Ndiyo maana geard ikawa "yard", gear ikawa "year", gieldan ikawa "yield". Kama "get" ingerithiwa moja kwa moja, leo tungekuwa tunasema "yet". Ile g ngumu ni alama ya meli za Wanaviking. Hata "forget" iliwahi kuandikwa "foryeten" katika Kiingereza cha Kati kabla g ngumu haijairudia.

Ukoo wenyewe unafika mbali. Mzizi wa kale unamaanisha kushika, na katika Kilatini ulizaa prehendere, kukamata. Kutoka hapo Kiingereza kikachukua "apprehend", "comprehend", "prison", "prey", "surprise". Kumbe "get" na "prison" ni wa ukoo mmoja.

Mchambua Maneno

Mzee, umetaja ongietan ukaipita haraka. Hiyo ilimaanisha kutambua, kuelewa. Leo Mwingereza akisema "I get it" anamaanisha nimeelewa. Matumizi ya leo ni mapya, hayakurithiwa kutoka ongietan, lakini wazo ni lilelile: kuelewa ni kushika. Nasi tunasema "nimekupata". "Comprehend" nayo, kama ulivyoonyesha, ni kukamata. Lugha tatu tofauti zimefika mahali pamoja.

Kiu ya Lugha

Na lini ikaanza kumaanisha kuwa, kama "get angry"?

Mzee wa Nyaraka

Mwishoni mwa karne ya 16 ilishakuwa imezoeleka. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, Bassanio anamweleza Antonio namna anavyopanga "to get clear of all the debts I owe". Clear ni kivumishi: awe huru na madeni. Njia ya maana ni rahisi kuiona: kupata kitu, kisha kufikia mahali, kisha kufikia hali. Get + umbo la tatu la kitenzi (kama broken, caught) kwa maana ya kutendwa ilienea baadaye, karne za 18 na 19.

Mkalimani Huru

Nachukua hiyo ya kutendwa, kwa sababu kwenye tafsiri inasumbua kila siku.

"The window was broken" ina maana mbili. Ama dirisha lilivunjwa, ama lilikuwa limevunjika. Kiswahili kinazitenganisha, Kiingereza kwa "was" hakizitenganishi. "The window got broken" ina moja tu: tukio lilitokea. Kwa hiyo unapofasiri "lilivunjwa" au "lilivunjika" na unataka msomaji aone tukio, "got" inakusaidia.

Lakini ina masharti. Kwanza, lazima pawe na tukio. "She is loved by everyone" ni sawa, "She gets loved by everyone" si sawa, kwa sababu kupendwa ni hali inayoendelea. Pili, inapendelea mambo yanayomgusa mtendwa, kwa ubaya au kwa bahati: get caught, get fired, get robbed, get killed, get promoted, get elected, get paid. "The bridge got built in 1950" inasikika vibaya, andika "was built". Tatu, ni ya mazungumzo. Kwenye hukumu, ripoti au barua rasmi, rudi kwenye "was".

Ukiongeza nafsi, lawama inahamia kwa mtendwa: "He got himself arrested", alijitakia kukamatwa.

Halafu kuna kutendesha, na hapa Kiswahili kinatupa msaada na kutudanganya kwa wakati mmoja. Msaada: "nilitengenezesha simu" ni "I got my phone repaired", "nilishonesha gauni" ni "I got a dress made", "nilisainisha fomu" ni "I got the form signed". Mpangilio ni get, kitu, umbo la tatu. Ukiandika "I got repaired my phone" umevunja sentensi.

Udanganyifu: mara nyingi hatuweki -ish- hata pale kazi imefanywa na mtu mwingine. Tunasema "nimenyoa", "nimeng'oa jino", na kila mtu anaelewa kwamba kuna kinyozi na kuna daktari. Ukifasiri neno kwa neno ukasema "I have pulled out my tooth", Mwingereza anaelewa umeshika koleo mwenyewe. Sema "I got a tooth pulled out" au "I had a tooth pulled out". "Had" ni rasmi zaidi. Na kwa kuibiwa, "I had my phone stolen" ndiyo ya kawaida, kwa sababu "get" kwenye mpangilio huu hubeba dalili ya kupanga au kujitahidi, na hakuna apangaye kuibiwa.

Bint Sarufi

Niongeze kwa mtu badala ya kitu: "I got him to sign". Hapa kuna juhudi, nilimshawishi mpaka akasaini. Linganisha na "I made him sign" (nilimlazimisha), "I had him sign" (nilimwagiza, nina mamlaka juu yake), "I let him sign" (nilimruhusu). "Get" peke yake ndiyo inadai "to". Make, have na let zinakataa. Kosa la "I got him sign" nalikuta kwenye insha nzuri kabisa.

Kiu ya Lugha

Naona watu wanaandika "gotten", wengine wanasema ni kosa. Lipi sahihi?

Mzee wa Nyaraka

Yote mawili, kutegemea unaandikia wapi. "Gotten" si uvumbuzi wa Wamarekani. Ni umbo la zamani lililosafiri na wahamiaji, halafu huko Uingereza likafifia likabaki ndani ya "forgotten" na "ill-gotten". Hata wakati uliopita ulikuwa "gat" kabla ya "got", na Biblia ya 1611 bado ina "gat".

Marekani wanatumia yote mawili kwa maana tofauti. "I've gotten a car" ni nimepata gari, tendo la kulipata. "I've got a car" ni nina gari. Vivyo hivyo "It has gotten cold", kumekuwa baridi. Kwa Mwingereza zote ni "got". Usichanganye mitindo miwili kwenye andiko moja.

Mchambua Maneno

Na hiyo "have got" ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kwa umbo ni "nimepata", kwa maana ni "ninacho". Ni -me- ileile ya "amechoka": tendo limekwisha, hali imebaki. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kuiona ngeni.

Ya kuangalia: swali ni "Have you got a pen?" au "Do you have a pen?". "Do you have got" haipo. Jibu la kwanza ni "Yes, I have", la pili ni "Yes, I do". Kwa wakati uliopita iache: "I had a car", si "I had got a car", labda kama unataka kusema nilikuwa nimeshapata gari kabla ya jambo jingine.

Kiu ya Lugha

Mwisho, "get used to". Ni "get used to wake up" au "waking"?

Bint Sarufi

"Waking". Na ngoja nieleze kwa nini kosa hili ni letu sote. "Kuzoea kuamka": ku- yetu ni kitenzi na ni nomino kwa pamoja, tunasema "kuamka mapema ni kuzuri". Kiingereza kinazigawa: to wake ni kitenzi, waking ni nomino. Kwenye "get used to", hiyo "to" ni kihusishi, inataka nomino. Jaribio: weka "it" mahali pa kitenzi. "I'm getting used to it" inakubali, basi tumia -ing. Jaribu kwa "I got to know him": "I got to it" inageuka maana, basi hapo ni kitenzi kitupu. Jaribio hilihili linafaa kwa "look forward to".

Na kwa kuwa umetaja wake up: "wake up" ni kutoka usingizini, "get up" ni kutoka kitandani. "Kuamka" yetu inabeba zote mbili, kwa hiyo "I woke up at six but got up at seven" inaweza kukukanganya ukiifasiri harakaharaka.

Nahodha wa Insha

Wakuu, mmeandika mengi lakini walimu wengi hukataza "get" kwenye insha. Si bora mtu aiache kabisa?

Mkalimani Huru

Kwenye andiko rasmi ipunguze, usiifute. Tatizo ni kwamba mtu akiambiwa "usitumie get" anashika "obtain" na kuibandika kila mahali. "Obtain" ni kupata kwa juhudi au kwa utaratibu: obtain a permit, obtain results. "Receive" ni kuletewa: receive a letter. "Acquire" ni kujipatia polepole: acquire a skill. Hakuna "obtain a cold". Kwa hali tumia "become": become angry. Kwa mahali "arrive at" au "reach", na "reach" haitaki "to" wala "at". Kwa kuelewa "understand", kwa kushawishi "persuade someone to".

Obtain, receive, acquire, arrive na persuade yaliingia kupitia Kifaransa na Kilatini, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na bado yana harufu ya ofisi. Become, reach na understand ni ya Kiingereza chenyewe. "Get married", "get lost" na "get rid of" hazina mbadala mwepesi, ziache. "Rid" hapo ni umbo la tatu la kitenzi cha kale chenye undugu na neno la Kinodiki la kufyeka msitu, kwa hiyo "get rid of" inafuata mpangilio uleule wa "get caught".

Kiu ya Lugha

Nimeshika. Kwenye filamu nasikia "I got to go" na "I got to see him". Zinafanana lakini maana naona haziko sawa.

Mchambua Maneno

Hazifanani. "I got to see him" kwa kawaida ni nilipata kumwona, nilibahatika. "I got to go" kwenye mazungumzo ni "I've got to go" iliyomeza "have": lazima niende. Ikitamkwa kwa kuunganishwa, "gotta", ni lazima. Ikitamkwa kwa kutengana na "to" ikasikika, na habari ni ya jana, ni kupata fursa. Kwenye maandishi rudisha "have" ili pasiwe na utata.

Kingine kwa sikio: t ya Mmarekani ikikaa kati ya irabu mbili hugeuka karibu na r yetu ya kugonga mara moja. "Get it" unasikia "gerit", "get out" unasikia "geraut". Mwingereza wa London mara nyingi huikata kooni, unasikia "ge" na pengo. Ukijua hayo, nusu ya "get" zilizokuwa zinakupita kwenye filamu utaanza kuzisikia.